Hatua Kumi na Saba Kutoka Bombani

Yadi ya Mansour iko Mayfair, Joburg, nyuma ya maduka, upande reli inapopita. Ni uwanja mpana wa lami iliyochakaa, na kwenye kingo mbili kuna stoo kumi na nne zenye milango ya bati. Wenye stoo ni watu wa kila aina: Msomali wa unga na mchele, Wakongo wa vitenge na samaki wa chumvi, Mburundi mmoja wa fagio na ndoo za plastiki. Mansour mwenyewe ni mtu wa Tanga. Ofisi yake iko juu ya ngazi sita, na akisimama mlangoni anaiona yadi yote, pamoja na bomba la maji lililosimama peke yake katikati.

Getini ndipo shangazi yangu, Tantine Masika, anapouza chai na maandazi, na mimi huwa naye. Mumewe, Tonton Emery, ni dereva wa trekta la yadi. Wakati wa habari hii alikuwa dereva wa majaribio. Mansour alikuwa amechukua watu wawili, yeye na Gaël, wapokezane siku, na baada ya miezi mitatu angebaki mmoja. Ufunguo wa trekta ulining'inia kwenye msumari ofisini. Aliyekuwa zamu alipanda ngazi sita asubuhi kuuomba, na jioni akapanda tena kuurudisha.

Tonton ni mfupi, mabega mapana, shingo kama haipo. Koti lake la kazi la bluu limefuliwa mpaka likapauka. Kabla ya trekta alilinda magari kwa miaka kumi na moja kwenye maegesho ya duka moja Rosettenville, amevaa kizibao cha kung'aa, akipunga mkono: njoo, njoo, njoo, simama. Sikuwahi kumsikia akilalamikia kazi ile. Alisema mara moja tu, tena akiwa anakula: "Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya magari ya watu." Kizibao chenyewe kilikuwa bado kimetundikwa nyuma ya mlango wetu. Tantine alitaka kukigawa, akamkataza.

"Kiache. Hatujajua."

Kwa hiyo sote nyumbani tulielewa. Akikosa trekta, anarudi maegeshoni.

Trekta lile Mansour alilipata mnadani, na lilikuja na kitu chake mbele. Lilikuwa sanduku la chuma, jekundu, pana kuliko trekta lenyewe, lina mgongo na mbavu mbili, lakini halina kitako wala uso. Mtu wa mnada alisema ni la kusukumia theluji, limetoka nchi za baridi pamoja na trekta, na haviachanishwi. Watu wa yadi walicheka wiki nzima. Theluji Joburg! Ilianguka siku moja tu mwezi wa saba mwaka ule, watu wakatoka maofisini Braamfontein kupiga picha, na mchana ikawa matope.

"Patron amenunua friji bila mlango," Gaël alisema.

Mansour alimsikia. "Cheka tu, mwanangu. Utalisukuma wewe hilo."

Wakalitumia kwa takataka. Maboksi, majani ya kabichi, mchanga unaoletwa na mvua, vyote vilisukumwa hadi kona ya chini ambako lori la taka hufika Jumanne. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya madereva wale wawili.

Gaël ana miaka ishirini na minne, mtoto wa Lubumbashi, mrefu, redio sikioni. Yeye alikandamiza sanduku chini mpaka magurudumu ya mbele ya trekta yakaning'inia. Alikata kona na mzigo ndani, nusu ikamwagika pembeni, akairudia. Vumbi na kelele, lakini saa moja tu kazi imekwisha na yeye yuko getini anadai andazi la bure. Mansour alimpenda kwa hilo.

Tonton alitumia saa mbili. Kwanza alipiga magoti akachungulia chini ya sanduku. Ukingo wake wa chini ni wa mpira mnene, na kila upande kuna chuma bapa kilichopinda ncha, ndicho kinachobeba uzito. Vyuma hivyo aliviita viatu. Alivipangusa, akaangalia kama vimelika sawasawa.

"Hii kitu haitaki nguvu," alimwambia Gaël siku ya kwanza. "Unaiacha ilale yenyewe. Inafuata chini vile chini iko. Unaenda moja kwa moja. Ukifika mwisho, unainua kidogo, unarudi nyuma. Kona, hapana."

"Vieux, mzee wangu, ni takataka, si mayai."

"Leo ni takataka."

Halafu alikuwa na tabia ya kutembea. Kabla ya kuwasha trekta alichukua nondo ndefu akaizunguka yadi yote, akigonga chini, akisimama, akigonga tena, kama mtu aliyeangusha kitu na hataki watu wajue ni nini. Kila asubuhi ya zamu yake. Gaël akampa jina la Askofu. "Askofu anabariki yadi! Mleteeni maji jamani!" Wenye stoo wakalipokea jina. Tonton aliliitikia kama jina lingine lolote.

Chini ya yadi unapita mtaro mkubwa, na kuna mashimo matatu ya kuushukia. Mifuniko yake ya chuma iliibwa zamani kama inavyoibwa mji mzima, ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mashimo mawili Mansour aliyaziba kwa zege. La tatu, lililo kati ya bomba na mdomo wa mtaro wa kona ya chini, halikuzibwa kwa sababu mafundi lazima wapate pa kuingilia. Lilifunikwa kwa mlango wa zamani wa mbao, wenye kitasa bado. Kina chake ni mtu aliyesimama juu ya mabega ya mtu. Sote tuliuzunguka mlango ule bila hata kufikiri, jinsi unavyozunguka meza ya kwenu.

Mwezi wa pili wa majaribio Tonton alipigilia nondo fupi nne kwenye nyufa za lami kuuzunguka ule mlango. Nyingine akazipigilia kando ya mfereji wa maji ya mvua na ukingo wa lami. Jumla kumi na mbili, na kila moja akaifunga utepe mwekundu wa plastiki. Hakuomba ruhusa. Kwake ilikuwa sehemu ya kuendesha, kama kutia mafuta.

Sasa, Joburg mtu akiona vijiti vyenye utepe kwenye uwanja wazi, anajua jambo moja tu. Viwanja vinagawiwa. Watu huingia ardhi ya mtu, wakapima, wakapiga vijiti, wakaandika majina, na wiki ijayo kuna mabati. Na yadi ya Mansour upande wa barabara ina uzio wa nondo tu, ndani kote kunaonekana.

Kesho yake saa tatu asubuhi akina mama wawili walisimama getini, vitambulisho mkononi. Mmoja aliuliza kwa Kizulu kama stendi bado zipo. Stendi hapa ndiyo kiwanja cha kujenga. Tantine, ambaye Kizulu chake ni cha chai na chenji, alidhani wanauliza maandazi.

"Zipo, zipo, za moto," akawajibu.

Wakakaa kusubiri. Ilipofika saa sita kulikuwa na watu tisa kwenye foleni. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameanzisha orodha kwenye karatasi ya daftari, jina lake la kwanza ingawa yeye alifika wa sita, na kulikuwa na ugomvi juu ya hilo. Mansour alitoka ofisini kuuliza kelele za nini. Mzee wa orodha akampa mkono, akamuuliza kama ndiye mwenyekiti.

Mansour aliwatawanya kwa upole mwingi na chai ya bure. Kisha akageuka.

"Emery! We Emery! Hebu njoo hapa."

Tonton akaja, kofia mkononi.

"Hivi vyuma ni vya nini?"

"Ni alama, Patron. Ya shimo, na ya mfereji."

"Shimo lina mlango juu yake mkubwa kama wa nyumba. Kipofu analiona. Alama ya nini?"

"Ya siku hatutaliona."

"Siku gani hiyo? Kiama?"

Gaël alicheka kwa sauti akiwa juu ya ndoo aliyoigeuza kiti.

"Bwana we," Mansour akasema, "mie hapa nimepanga. Ardhi si yangu. Kesho mwenye ardhi apite aone foleni, aulize kuna nini, aambiwe Mansour anagawa viwanja. Nitakwenda wapi na stoo kumi na nne? Ng'oa."

"Patron, niachie zile nne tu za shimo."

"Ng'oa zote. Na huko kutembeatembea na fimbo, basi. Nimekuweka uendeshe. Kutembea hata mtoto anatembea. Ijumaa ya mwisho nachagua mtu, na nikwambie kweli, Bwana Emery, huyu kijana anamaliza saa moja."

"Sawa, Patron."

Alizing'oa mwenyewe, moja moja, akazifunga kwa ule utepe na kuzilaza nyuma ya bomba. Alipomaliza, alisimama na mgongo kwenye bomba, uso kwenye kona ya chini, akatembea polepole hadi kwenye mlango wa mbao huku midomo ikicheza. Akarudi. Akatembea tena. Mansour alikuwa bado mlangoni, akatikisa kichwa na kuingia ndani.

Jioni hiyo, tukimenya viazi nyumbani Rosettenville, Tonton akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Tantine alinieleza ambacho Tonton mwenyewe hajawahi kunieleza.

Mwaka elfu mbili na mbili mlima ulipasuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Ulipopoa, mitaa ilikuwa jiwe jeusi, mahali pengine juu kuliko madirisha. Tonton alikuwa kijana wa kampuni ya barabara, pamoja na kaka yake Firmin. Wao ndio waliofungua njia. Lakini njia yenyewe ilikuwa wapi? Watu walisimama juu ya jiwe wakibishana, hapa ni kwangu, hapana, kwako ni kule, kwako kulikuwa na mwembe. Mwembe hakuna. Firmin aliendesha tingatinga, na alikuwa mwepesi, anasifiwa. Siku moja alipita mahali ambapo zamani kulikuwa na tangi la maji la chini ya ardhi, la nyumba ya mtu. Maji yalikuwa yamekauka yote kwa joto. Jiwe lilikuwa limeziba mdomo wa tangi kwa juu tu, jembamba, kama utando juu ya uji. Tingatinga likaingia. Ilichukua siku mbili kumtoa Firmin.

"Sisi watu wa Goma ukituona tunagonga chini," Tantine alisema, "tuache tu tugonge."

Akaniomba sufuria.

Alhamisi ya mwisho ilikuwa zamu ya Tonton, lakini Mansour alikuwa amesema wote wawili wawepo, kwani kesho yake ndiyo ya kuchagua. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mchana ulikuwa na joto la kunata. Saa tisa mbingu upande wa kusini ikawa rangi ya chupa ya bia, na Tantine akaanza kufunga vikombe.

Mvua ya mawe tumeizoea hapa. Hii haikuwa ile tuliyoizoea. Ilidumu kama dakika ishirini, na kwa muda wote huo mtu hakumsikia mwenzake. Tulijibanza chini ya ngazi za ofisi. Mawe yaligonga mabati ya stoo, yakaruka, yakarudi. Kioo cha mbele cha gari la Mansour kilipasuka, kikabaki kimeshikana kama utando wa buibui. Kisha ikakata ghafla, mara moja, na kukawa na baridi na harufu ya majani yaliyopondwa.

Yadi yote ilikuwa nyeupe. Upande wa juu barafu ilifika kwenye vifundo vya miguu. Upande wa chini, ambako maji yalikuwa yameizoa na kuirundika, ilifika magotini, pengine zaidi. Mdomo wa mtaro ulikuwa umezibwa kabisa. Maji hayakuwa na pa kwenda, yakaanza kupanda kutoka kona ya chini, meusi chini ya barafu nyeupe, kuelekea kwenye mlango wa stoo ya unga. Mlango wa mbao wa shimo haukuonekana. Hakuna kilichoonekana, isipokuwa kuta na bomba.

"Trekta!" Mansour alipiga kelele kutoka juu. "Washa trekta! Unga wa watu huo!" Akamrushia Tonton ufunguo, uliokuwa umerudishwa mapema kwa ajili ya mvua. Tonton aliudaka, akautia mfukoni, akaenda nyuma ya bomba na kuchukua nondo ndefu.

"Emery! Nasema washa!"

"Dakika, Patron. Nitafute shimo kwanza."

"Shimo liko palepale! Lina mlango! Pita pembeni yake!"

"Pembeni yake ni wapi, Patron?"

Mansour alishuka ngazi tatu, akasimama, viatu vyake vya ngozi havikutaka zaidi. Msomali wa unga alikuwa tayari ndani ya maji, anainua magunia akisaidiwa na mtoto wake wa kiume, wanayapandisha juu ya mengine. Maji yalikuwa yamevuka kizingiti.

"Mimi sipandishi mashine juu ya kitu sioni," Tonton alisema. Hakuinua sauti. "Nipe robo saa."

"Robo saa sina! Ufunguo! Mpe Gaël ufunguo!"

Hapo Tonton alisimama kidogo. Mtu asiyemfahamu angedhani anafikiria jambo dogo, kwamba avae glavu au asivae. Alitoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha mkono, Gaël akauchukua.

"Kijana, unisubiri."

"Vieux, umemsikia mwenye mali. Eish, usinikasirikie mimi."

Gaël akakimbilia trekta. Tonton akaenda kwenye stoo ya Mburundi, akabeba fagio nne za mpini mrefu bila kuuliza bei wala kuomba, Mburundi akamwangalia tu. Akarudi bombani. Akaegemeza mgongo kwenye bomba, akaelekeza uso kona ya chini, akaanza. Moja. Anachoma nondo ndani ya barafu mpaka igonge lami. Mbili. Inagonga. Tatu. Kila hatua mguu unazama, unatoka, unazama.

Trekta liliwaka nyuma yake. Gaël alishusha sanduku, akakandamiza kama kawaida yake, akaanza kushuka kutoka juu ya yadi. Barafu ikajaa ndani ya sanduku na kufurika pande zote mbili. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye mstari wa bomba na kona, kwa sababu hiyo ndiyo njia fupi ya kufika kwenye mdomo wa mtaro. Mtu yeyote angepita hapo.

"Toka, Askofu!"

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Tonton hakugeuka.

"Vieux, toka njiani! Breki hazishiki kwenye hii!"

Tantine alikuwa amesimama na kikombe cha chai ambacho alikuwa amesahau kwamba amekishika. Kumi na tano. Kumi na sita. Trekta lilikuwa nyuma ya bomba, kisha limepita kando yake. Tonton akachoma nondo mbele ya mguu wake, na haikugonga. Alisukuma zaidi, mkono ukafuata nondo mpaka begani.

Alinyanyuka, akageuka kumtazama Gaël, wakaangaliana. Tonton alichukua ufagio mmoja, akausimamisha mbele yake juu ya barafu, kichwa chini, mpini juu, kama mtu anayetaka kuupanda ardhini. Akauachia. Ufagio ulizama. Mpini wote, mrefu kama yeye, ulishuka polepole ndani ya ile nyeupe, ukapotea, na ndani ya tundu ulilotoboa kukasikika maji yanapita kwa kasi chini.

Mlango wa mbao haukuwepo. Maji yalikuwa yameuondoa. Shimo lilikuwa limezibwa kwa juu tu, na mawe ya barafu yaliyoshikana.

Gaël alizima injini. Trekta liliteleza bado kidogo, likasimama. Alikaa juu pale mikono ikiwa kwenye usukani. Kisha akashuka, akaja mpaka kwenye tundu, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeitwa.

"Panda, vieux," alisema.

"Koleo. Nenda kwenye mdomo wa mtaro, upite ukutani, ukutani kabisa. Mimi nakuletea nafasi."

"Sharp," Gaël akakubali, akakimbilia koleo.

Mansour kwa juu alikuwa anauliza wamesimama nini, wanazungumza nini, hawaoni maji. Kutoka pale alipo aliona watu wawili wamesimama kwenye barafu na trekta limezimwa. Hakuona zaidi ya hapo.

Tonton alipigilia fagio tatu zilizobaki kwenye nyufa za lami kuzunguka shimo, akapanda trekta. Aliinua sanduku, akalishusha tena, akaliachia lilale kwa uzito wake kwenye vile viatu viwili. Akaenda. Mstari wa kwanza aliupitisha kushoto kwa fagio. Barafu mbichi ni nzito, si kama theluji wanayosema inapeperuka. Ilijaa ndani ya sanduku bila kumwagika, mbavu mbili zimeishika, na nyuma yake lami ilibaki nyeusi, safi kama meza iliyopanguswa. Alipofika kwenye uzio aliinua kidogo, akarudi nyuma, rundo likabaki limesimama lenyewe. Mstari wa pili. Wa tatu. Hakukata kona hata moja. Kwenye mstari wa sita Gaël alipiga kelele chini kule, akaruka pembeni, na mtaro ukafunguka na kuanza kunywa. Ulitoa sauti kama ng'ombe. Maji yalishuka tukiyaona.

Stoo ya unga ilipoteza safu yote ya chini ya magunia. Mansour aliingia kuyaona, akatoka na unga uliolowa mpaka kwenye ndevu.

"Robo saa," alimwambia Tonton. "Robo saa ya kutembea na nondo, na safu nzima imekwenda."

"Ndiyo, Patron."

"Patron, lile shimo..." Gaël alianza.

"Sitaki habari za shimo! Nimechoka na shimo! Kesho baada ya swala tutaonana." Akanyoosha mkono. Tonton akampa ufunguo, na Mansour akapanda ngazi sita kwenda kuutundika kwenye msumari.

Tulirudi nyumbani kwa teksi. Robot, yaani taa za barabarani, zote zilikuwa zimezimika, magari yamefungana mpaka Turffontein. Tonton alifika, akaoga, akakitoa kile kizibao nyuma ya mlango. Alikikung'uta vumbi nje, akaangalia mistari yake inayong'aa kama bado inashika mwanga, akakitundika kwenye kamba ya nguo. Tantine alimwangalia kutoka jikoni. Akaweka chumvi kwenye mboga, akasahau, akaweka tena.

Ijumaa jua lilikuwa kali kama hakuna kilichotokea. Barafu ilikuwa imebaki kwenye uzio tu, rundo chafu, linadondoka. Shimo lilikuwa wazi, jeusi, na fagio tatu zimelizunguka. Mlango wa mbao Gaël aliuvuta kutoka ndani ya rundo kwenye kona, umevunjika katikati, kitasa bado.

Mansour alirudi kutoka msikitini na kanzu nyeupe. Hatukumwona akipanda ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo, akavua kofia na kuinama kuchungulia, kanzu ameishika kwa mkono mmoja isiguse. Alitazama kwa muda.

"Gaël. Jana trekta lilisimama wapi?"

Gaël alimwonyesha kwa mguu. Pale sanduku liliposimama lami ilikuwa imekwaruzwa na viatu vyake. Kutoka pale hadi kwenye shimo mtu angeweza kulala, asinyooshe mikono.

Mansour alipima kwa macho, akarudia. Wenye stoo walikuwa wametoka milangoni.

"Ulijuaje?" akamuuliza Tonton.

"Hatua kumi na saba kutoka bombani, Patron. Nilizihesabu siku ile uliniambia ning'oe."

Mansour alikwenda bombani, akaegemeza mgongo wake kama alivyomwona mwenzake akifanya, akaelekeza uso kwenye kona ya chini, akaanza kutembea. Alihesabu kwa sauti, taratibu, kanzu inapepea, yeye mtu mrefu wa miguu mirefu. Alipofika kumi na mbili alikuwa ukingoni. Alisimama hapo, ncha ya kiatu ikichungulia shimoni.

"Kumi na mbili," alisema. "Mie ni kumi na mbili."

"Hatua zangu ni fupi, Patron."

"Ningehesabu kumi na saba ningekuwa ndani."

"Ndiyo, Patron."

Kuna mtu alicheka kwenye stoo ya vitenge, akanyamaza. Mansour alivaa kofia yake, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu. Kumbe alikuwa ametembea nao mpaka msikitini.

"Zile nondo zirudishe," alisema.

"Na ile foleni, Patron? Wale wa stendi?"

Mansour alifikiria. Aliitazama barabara, halafu akazitazama fagio tatu, zimesimama kichwa juu, nywele za plastiki za kijani na nyekundu.

"Basi weka fagio. Hakuna mtu anayeomba kiwanja kwenye fagio. Nitamlipa yule Mburundi." Akampa ufunguo. "Gaël atabaki na koleo na mageti. Nawe utamfundisha hicho kitu cha kutokukata kona."

"Askofu amepata parokia," Gaël alisema, na safari hii Tonton alicheka, kifupi, puani.

Jioni hakupanda ngazi kuurudisha ufunguo, na hakuna aliyemwita aurudishe. Ulikaa mezani kwetu Rosettenville kando ya kikopo cha chumvi. Tantine alisema wakikuibia kwenye teksi je, akautia uzi na kuushonea kwenye tanzi la suruali. Kizibao kilikuwa bado kwenye kamba nje. Alikianua na nguo nyingine, akakikunja, na sikukiona tena nyuma ya mlango.

Jumatatu saa tatu asubuhi fagio kumi na mbili zilikuwa zimesimama yadini, kwenye mfereji, kwenye ukingo wa lami, na nne kwenye shimo lenye mfuniko mpya wa mbao. Akina mama wawili walisimama getini. Nadhani ni walewale. Waliziangalia kwa muda kupitia kwenye uzio, kisha mmoja akamuuliza Tantine fagio zinauzwaje.